Kuvezi au kifuani mwa mama: tumtunze vipi mtoto aliyezaliwa na tramadoli mwilini?

Kichanga ambaye mama yake alikuwa akimeza tramadoli, kidonge cha maumivu makali, miezi ya mwisho ya mimba mara nyingi huzaliwa akionekana hana neno. Analia, ananyonya, wageni wanaingia na pongezi zao. Mabadiliko huja baadaye, aghalabu siku ya pili. Kilio kinapanda na kuwa chembamba, kikali, hakinyamazi kwa ziwa wala kwa kubembelezwa. Mikono na kidevu vinatetemeka. Anapiga chafya mfululizo, anapiga miayo, miguu inakakamaa, anatoka jasho, anaharisha. Ananyonya kwa pupa kisha anatapika, au anachoka kabla hajashiba. Hapo ndipo familia inapotakiwa kuchagua, au inapochaguliwa bila kuulizwa: mtoto aende kuvezi, kisanduku cha joto kwenye chumba cha vichanga, mikononi mwa wauguzi, au abaki kitandani na mama yake?

Naandika nikiwafikiria watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu hapa swali hili lipo ingawa halisemwi kwa sauti. Ukitaja mtoto aliyezaliwa na dawa mwilini, wengi wanamwona akilini mwanamke anayejidunga heroini katika mji wa mbali. Kwetu mwanamke huyo anaweza kuwa mama mbeba mizigo anayepandisha gunia hadi mtaa wa Kadutu, mgongo umemchoka, na farmasi ya njiani inamuuzia vidonge viwili vya tramadoli bila karatasi ya daktari. Anaweza kuwa dada aliyepigwa risasi, akapasuliwa, akaandikiwa dawa ya maumivu kwa haki kabisa, kisha miezi ikapita bila mtu kumwonyesha namna ya kuiacha. Mimba ikamkuta humo. Tramadoli ni jamii moja na kodeini, mofini na heroini, jamii ya afyuni. Inapita kwenye kondo la nyuma, na mwili wa mtoto unaizoea kama wa mama ulivyoizoea. Siku kitovu kinapokatwa, na dawa imekatika palepale.

Ubongo wake umeharibika?

Hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi koko, bibi wa mtoto, ndiye anayeliuliza, kwa kunong'ona, mama mzazi asisikie. Linajibiwa vibaya kwa sababu watu huchanganya mambo mawili.

La kwanza ni ule mtetemeko na kile kilio. Hizo si dalili za ubongo uliooza. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazotoa kemikali ya tahadhari iitwayo noradrenalini, ile ile inayokupandisha mapigo ya moyo ukishtuka. Dawa ilikuwa imezibana seli hizo kwa miezi. Inapoondoka ghafla zinafyatuka zote kwa pamoja, na mtoto anaishi kama mtu aliyeshtuliwa kila dakika. Hali hiyo hupita kwa siku au majuma kadhaa. Hatari yake iko katika mambo yanayoandamana nayo: degedege, kupungua uzito, kukaukiwa maji kwa kuharisha. Hayo ndiyo yanayoweza kuudhuru ubongo ambao ungepona wenyewe.

La pili ni ukuaji wa ubongo tangu tumboni. Hapa utafiti umeanza kusema waziwazi. Mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya MRI, yaani picha za ubongo, vya vichanga 173 waliopitiwa na dawa za jamii ya afyuni tumboni, wakawalinganisha na wengine 96 ambao hawakupitiwa. Wastani wa ujazo wa ubongo ulikuwa kama sentimita za ujazo 387 kwa kundi la kwanza na 407 kwa la pili. Upungufu ulionekana karibu kila sehemu: tabaka la juu, sehemu za ndani, ubongo mweupe unaobeba nyaya za mawasiliano, hata ubongo mdogo wa nyuma unaosaidia mwendo.

Tofauti hiyo ni kama sehemu 5 katika 100. Naomba isomwe kwa utulivu. Ni wastani wa kundi. Haimwambii mama yeyote mwanawe atakuwa nani. Na ubongo wa binadamu hukua karibu maradufu katika mwaka wa kwanza wa maisha, kwa hiyo kinachofuata baada ya kuzaliwa kina uzito mkubwa. Utafiti mwingine, wa Australia, uliochapishwa 2017, uliwafuata shuleni watoto zaidi ya 2,200 walioteswa na hali hii walipozaliwa. Alama zao za mitihani zilikuwa chini ya wenzao, na pengo lilizidi kadiri walivyopanda madarasa. Lakini watafiti hao hao walikuta kwamba mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na elimu zaidi alikuwa na hatari ndogo ya kushindwa. Maana yake nyumba anayokulia inabadilisha mambo. Ndiyo sababu nalipa uzito jambo la nani atamshika mtoto huyu katika juma la kwanza.

Na jambo moja nisilipite: pombe. Kamati ya kisayansi ya Marekani iliandika mwaka 1996 kwamba kati ya vitu vyote vya kulevya, pombe ndiyo inayoleta madhara makubwa zaidi kwa ubongo wa mtoto tumboni. Nimesikia mama akilaumiwa kwa kidonge chake na watu walewale waliomkaribisha kasiksi, pombe ya ndizi, akiwa na mimba ya miezi sita, na kanyanga, pombe kali, juu yake. Ukitaka kuulinda ubongo wa mtoto, anzia hapo.

Njia ya kwanza: chumba cha vichanga na karatasi ya alama

Njia hii ina umri wa nusu karne. Daktari Loretta Finnegan wa Philadelphia aliitengeneza karatasi yake mwaka 1975, na hadi leo ndiyo inayofundishwa mahali pengi. Muuguzi anamkagua mtoto kila baada ya saa 3 au 4 na kuandika alama kwa dalili zipatazo 21: kilio, usingizi, mtetemeko, jasho, chafya, choo, pumzi. Jumla ikifika 8 mara tatu mfululizo, au 12 mara mbili, mtoto anaanzishiwa dawa, kwa kawaida mofini ya matone, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Nguvu yake ni kwamba haipitwi na dalili kwa urahisi, na kila kitu kinaandikwa. Daktari anayeingia asubuhi anaona usiku ulivyokwenda. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye homa, au aliyeshikwa na degedege, macho ya aina hiyo yanahitajika, na mahali pake ni pale penye oksijeni na wauguzi.

Udhaifu wake unauona ukisimama mlangoni mwa chumba chenyewe. Taa zinawaka usiku na mchana. Jirani analia, mashine inalia, mlango unagongwa. Mtoto aliyelala kwa taabu anafunuliwa ili apewe alama, analia kwa sababu amefunuliwa, na kilio hicho kinaongezwa kwenye alama. Wauguzi wawili wanaweza kumpa mtoto mmoja alama tofauti saa ileile, kwa sababu jasho au mtetemeko ni wa kukadiria. Mwishowe mtoto anapewa mofini kwa ajili ya chafya na miayo, mambo ambayo hayamdhuru. Mama naye yuko upande wa pili wa ukuta, maziwa yanamjaa na kukauka, anaruhusiwa kuingia kwa zamu.

Njia ya pili: anakula, analala, anatulia?

Daktari Matthew Grossman na wenzake wa hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, walijiuliza swali tofauti. Hawakuhesabu tena kila dalili. Waliuliza tu kama mtoto anaweza kufanya kazi za kichanga. Je, ananyonya vizuri, au anakunywa walau mililita 30 kwa mlo? Je, analala walau saa moja bila kukatizwa? Akilia, anatulia ndani ya dakika 10 akishikwa? Akiweza hayo matatu, anaachwa na mama, hata akitetemeka. Akishindwa, kwanza anaongezwa mtu wa kumshika, chumba kinatiwa giza na kimya, ziwa linatolewa mara nyingi zaidi. Dawa inakuja mwisho, na mara nyingi kipimo kimoja tu, si ratiba ya majuma.

Matokeo yao yaliyochapishwa 2017 yaliwashangaza wengi. Wastani wa kukaa hospitalini ulishuka kutoka siku 22.4 hadi 5.9. Waliopewa mofini walishuka kutoka asilimia 98 hadi 14. Hospitali moja si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo njia hiyo ikajaribiwa katika hospitali 26 za Marekani kwa vichanga 1,305, na majibu yakatoka 2023: waliotunzwa kwa njia ya pili walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya wastani wa siku 8.2, wenzao wa njia ya kawaida 14.9. Waliopewa dawa ya jamii ya afyuni walikuwa asilimia 19.5 dhidi ya 52.

Kwa ubongo maana yake ni hii: dawa inayohofiwa kuupunguza ubongo tumboni, njia ya pili inamwepusha nayo nje ya tumbo, au inamkatia siku. Na muda aliokuwa akipewa alama chini ya taa anautumia akiwa amelala kifuani mwa mtu.

Nionyeshe hicho "kushikwa" kwa vitendo, maana ndicho dawa yenyewe hapa. Mkunje mtoto kama alivyokaa tumboni: mgongo umepinda, magoti yamekaribia tumbo, mikono miwili imekutana mbele ya kifua. Mfunge kwa kitenge, mikono isirukeruke, lakini nyonga ziachiwe nafasi na uso uwe wazi. Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, au mshike kwa mikono miwili ukimpandisha na kumshusha pole pole, juu na chini. Kumrusharusha na kumtikisa upande huu na huu kunamzidishia. Usimwimbie, usimwangalie machoni na kumpapasa kwa wakati mmoja, chagua kimoja. Zima mlio wa simu. Wageni wangoje nje, hata wa kanisani, hata shangazi aliyetoka Uvira.

Ukizileta njia hizi Bukavu

Njia ya pili ilizaliwa katika nchi tajiri, na kuna mtu atasema haituhusu. Mimi naona kinyume. Hospitali za Marekani zililazimika kutafuta watu wa kujitolea waje kuwashika watoto ambao mama zao walikuwa kazini au mbali. Kwetu kila mgonjwa ana gadimaladi wake: mama mkwe, dada, binamu, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayepika uani na kufua nguo za mtoto. Mtu huyo tayari yupo. Tunachotakiwa kufanya ni kumfundisha kushika, kumweleza maswali yale matatu, na kumwachia usiku mama apumzike. Mbinu ya kangaruu, ya kumbeba kichanga ngozi kwa ngozi, iliyoanza Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa uhaba wa kuvezi, inajulikana katika materniti nyingi. Aliyeizoea kwa mtoto njiti hataona ugeni hapa.

Kuna pia fakitire, ankara ya hospitali. Kila siku ya kuvezi, kila chupa ya seramu, inaandikwa, na familia inaanza kuuza kitu. Siku 8 na siku 15 si mlingano mmoja kwa mtu anayelipa mfukoni mwake. Na umeme ukikatika, kifua cha mama hakipoi.

Lakini kuna masharti, na nayasema kwa uzito uleule. Lile jaribio kubwa lilihusu watoto waliotimiza majuma 36 ya mimba, njiti hawamo. Mama anayemeza dawa inayolewesha usingizi hafai kulala na kichanga kitanda kimoja, kwa sababu anaweza kumlalia asijue. Kwetu kulala na mtoto ni kawaida tangu enzi, kwa hiyo sharti hili linahitaji kusemwa mara mbili: mama akisinzia, gadimaladi anamchukua mtoto. Na wodi ya wazazi yenye vitanda vilivyobanana, redio na wachuuzi wa mandazi haitoi kimya. Kona ya ukutani na kitenge kilichotundikwa kama pazia vinasaidia kuliko unavyodhani. Muombe muuguzi mkuu, wengi hukubali.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali mtoto abaki na mama bila kukaguliwa kwanza. Kichanga anayekakamaa, anayelia, asiyenyonya, mjini kwetu anaweza kuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Maambukizo ya damu huanza hivyo. Pepopunda ya watoto wachanga hukakamaza vilevile, hasa kitovu kikikatwa nyumbani na mama hakuchanjwa. Sukari ikishuka, mtoto anatetemeka. Malaria aliyoirithi tumboni ipo. Kusema "ni tramadoli tu" kabla ya kupima damu na sukari ni kubahatisha na maisha yake. Vipimo kwanza, kisha njia.

Basi kama mtoto ametimiza miezi yake, vipimo ni safi, ananyonya, na kuna mtu wa kumshika usiku na mchana, ningechagua abaki na mama ndani ya hospitali, muuguzi akipita na maswali yake matatu. Kama ni njiti, ana homa, amepata degedege hata mara moja, pumzi inasumbua, au uzito umepungua zaidi ya sehemu ya kumi ya aliozaliwa nao, aende chumba cha vichanga bila mabishano, na mama aingie humo kila inapowezekana. Njia hizi mbili hazipigani. Mtoto anaweza kuanza huku akahamia kule.

Ndani ya hospitali, nimesema. Wengi huchagua njia ya tatu: kuondoka saa 24 baada ya kujifungua ili gharama zisipande. Kwa mtoto huyu saa hizo 24 ni kabla ya dhoruba. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aangaliwe walau siku 3 kama dawa ya mama ilikuwa ya muda mfupi, na siku 4 hadi 7 kama ni ya kukaa mwilini muda mrefu. Nyumbani ndiko mtu anasaga kidonge cha mama na kumlambisha mtoto kidogo ili anyamaze. Kinaweza kusimamisha pumzi yake.

Dawa ikibidi

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu uamuzi ni wa daktari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linaweka dawa ya jamii ya afyuni mbele, mofini kwa kawaida, kwa mtoto aliyezidiwa. Fenobarbitali ni mbadala pale mofini haipatikani, au pale mama alipochanganya na dawa za usingizi kama diazepamu. Fenobarbitali inajulikana zaidi kwetu kwa ajili ya degedege, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayokuwa karibu. Fahamu tofauti yake: inamlaza mtoto, lakini haizuii kuharisha, na mtoto aliyelala sana hanyonyi. Ukiambiwa ameanzishiwa, uliza itapunguzwa lini na vipi.

Na kuna dawa moja ya kukataza: naloksoni. Inamwamsha mtu aliyezidiwa na afyuni, lakini kichanga wa mama aliyezoea dawa hizo inaweza kumtia degedege papo hapo. Ndiyo sababu anayezalisha anahitaji kujua ukweli kabla mtoto hajatoka.

Ziwa au biberoni (chupa ya kunyonyeshea)

Kwa mama aliye kwenye methadoni au buprenofini, dawa za jamii ya afyuni ambazo kliniki humpa badala ya zile alizozitegemea, jibu ni jepesi: anyonyeshe. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo, na watoto wanaonyonya huwa na dalili nafuu zaidi. Mwongozo wa 2014 unasema hivyo.

Kwa tramadoli na kodeini mambo yanapinda. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya kunyonyesha huku mama akizitumia, kwa sababu ini la baadhi ya watu huzigeuza haraka kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na mtoto anaweza kulala usingizi usio wa kawaida, pumzi ikapungua. Watu wenye maini ya namna hiyo ni wengi zaidi katika sehemu fulani za Afrika. Ethiopia ni mfano unaotajwa sana.

Hapo mama wa Bukavu anabanwa pande mbili. Maziwa ya kopo ni ghali, na kopo likikaribia kuisha linaongezewa maji. Bomba likikauka, maji ya biberoni yanatoka mtoni. Kuhara kwa kichanga ambaye tayari anaharisha ni hatari ya leo hii, wakati hatari ya tramadoli kwenye maziwa ni ya baadhi ya watoto. Nisingemwachisha mtoto ziwa kwa onyo la Marekani peke yake. Ningeketi na daktari: je, mama anaweza kuhamia paracetamoli na ibuprofeni kwa maumivu ya kawaida baada ya kujifungua? Kama tramadoli imebidi, iwe kiasi kidogo kinachoendelea kupungua, na mtoto atazamwe. Akilala kupita kiasi, akalegea, akashindwa kuamka kunyonya, au pumzi zikawa chache, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kumwachisha ziwa kwa ghafla nako kunaweza kumrudishia mtetemeko. Kama mama anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, hesabu inabadilika, na maziwa ya kopo yanayotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yanaweza kuwa salama zaidi.

Kabla hajazaliwa: kuacha leo, au kupunguza pole pole

Mama akigundua ana mimba, moyo unamwambia atupe vidonge vyote siku hiyo. Nia yake ni njema, njia ndiyo si salama. Kukatisha ghafla kunamletea yeye mwenyewe ile arosto, maumivu ya mifupa, kuhara, mapigo ya moyo kwenda mbio, na mtoto tumboni anaipata pamoja naye. Inahofiwa kuleta uchungu kabla ya wakati. Kuzaliwa njiti kunaumiza ubongo kuliko mtetemeko wa siku chache. Wengi pia hushindwa katikati, wakarudia kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa siri.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mwanamke aliyetekwa na dawa hizi awekwe kwenye methadoni au buprenofini hadi ajifungue, kuliko kusafishwa mwili kwa nguvu. Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Kati ya dawa hizo mbili, jaribio lililochapishwa 2010 kwa wanawake 175 lilionyesha buprenofini inamwacha mtoto na hali nafuu: siku 10 hospitalini dhidi ya 17.5, na mofini pungufu kwa asilimia 89. Ila mama wengi zaidi waliiacha buprenofini njiani, na dawa iliyoachwa haimsaidii mtu.

Kwa mama wa Kadutu anayemeza tramadoli na hana kliniki ya methadoni jirani, kilicho karibu ni daktari wa kituo cha afya kumwandikia ratiba ya kupunguza, kidonge kimoja baada ya kingine kwa majuma, maumivu yenyewe yakitafutiwa tiba nyingine. Na mzigo upungue. Mume anayetaka mtoto mwenye akili timamu aanze kwa kubeba gunia hilo yeye.

Haya yote hayafanyiki mama akificha. Anaogopa kwa sababu. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilitunga sheria ya kuwashtaki mama wa namna hii mwaka 2014, na ilipofika 2016 sheria ikaachwa iishe. Walioogopa kukamatwa walikuwa wakikwepa kliniki. Kwetu anayeogopwa ni mama mkwe na majirani wa parcelle, wa kiwanja kimoja. Muuguzi aliyefunga mlango, akaketi, akasema, "Mama, nitajie kila kidonge, haya yanabaki kati yetu," anapata majibu ambayo karatasi haipati.

Baada ya kuruhusiwa

Mtoto huyu ataletwa kwa chanjo akiwa na majuma 6, 10 na 14. Kila safari, mwombe muuguzi apitishe utepe kichwani na aandike kipimo kwenye karatasi ya kliniki pamoja na uzito. Kichwa cha kichanga huanzia kama sentimita 35, na kwa mwaka mmoja huongezeka zipatazo 12. Mstari ukisimama, daktari wa watoto amwone. Muulize pia muuguzi kama mtoto anatabasamu kwa uso wa mtu ifikapo miezi miwili, anageukia sauti, na anakaa bila kushikwa karibu na miezi minane. Macho yake yakienda upande, apimwe mapema, maana makengeza huwapata watoto hawa zaidi ya wenzao, na hutibika vizuri yakiwahiwa.